Bibi Kinuyo na Kamba ya Hekalu

Mwaka huu kamba ya hekalu letu ilisokotwa mara mbili. Niliziona zote mbili zikisokotwa, mwanangu Kotoha akiwa mgongoni, na hasira niliyoipata kwa ile ya kwanza haijanitoka hata leo ninapoandika.

Kamba yenyewe ni nene kama paja la mtu mzima, urefu wake hatua sita, na hutundikwa juu ya mlango wa hekalu kila vuli kabla ya sikukuu ya mavuno. Ya zamani hushushwa ikachomwa. Chini ya kamba hiyo ndipo tunapowapeleka watoto wachanga kutambulishwa kwa mungu wa mlima, ndipo wanaohama wanapoagia, na ndipo zamu za maji ya mashamba zinaposomwa kila mwaka kabla ya kupandikiza mpunga. Kijiji chetu kina nyumba kumi na tisa zenye watu. Duka halipo tena, na shule ilifungwa kabla sijaolewa hapa. Kilichobaki cha kutukusanya ni hekalu, na ndiyo maana watu wazima wanaweza kugombana kwa ajili ya majani ya mpunga mpaka wasisalimiane njiani.

Aliyekuwa akisokota kamba hiyo kwa miaka thelathini na moja ni jirani yangu, Bibi Kinuyo. Aliyekuwa akisifiwa kwa kuisokota miaka hiyo thelathini na moja ni mumewe, Mzee Sakuzo.

Bibi Kinuyo alizaliwa kijiji cha bondeni, kule mto unapopanuka. Baba yake alikuwa msokota kamba, na kwa kuwa hakupata mtoto wa kiume, alimfundisha binti. Kamba ya kawaida, ya kufungia kuni au gunia, husokotwa kwa mkono wa kulia kusukuma mbele. Kamba ya mungu husokotwa kinyume, mkono wa kushoto ndio unaosukuma. Ukilisema ni jambo dogo, lakini mikono ina ukaidi wake. Nimejaribu mimi mwenyewe. Ukiacha kuifikiria mikono yako kidogo tu, inarudi kulia kama ng'ombe anayejua njia ya zizini.

Aliolewa huku akiwa na miaka ishirini na mmoja. Wakati huo msokota kamba alikuwa Sakuzo, kama baba yake alivyokuwa. Kisha, vuli moja, mashine ya kupura mpunga ikala vidole viwili vya Sakuzo vya mkono wa kulia na kukilegeza cha tatu. Sikukuu ilikuwa imebaki majuma matatu. Bibi Kinuyo akafunga mlango wa ghala, akakaa chini, akaisokota. Mumewe akaitoa nje, wanaume wakaibeba juu, na kibao cha mwaka huo, kile kinachopigiliwa ukutani ndani ya hekalu, kikaandikwa: Msokota kamba, Sakuzo.

Na mwaka uliofuata hivyo hivyo. Na uliofuata.

Kila mtu alijua. Mtu mwenye vidole viwili na kidole gumba hawezi kusokota kamba nene kama paja, hata mtoto angeona. Lakini kulikuwa na neno la zamani kwamba mwanamke asiiguse kamba ya mungu, kwa hiyo watu walichagua kutokuona. Ghala likifungwa mwanzoni mwa Oktoba, watu walipita upande wa pili wa barabara wakikohoa. Kwenye karamu Sakuzo alimiminiwa pombe ya mchele ya kwanza baada ya kuhani. "Mikono ya dhahabu!" walimwambia, mbele ya mkono ule. Naye alicheka akanywa. Bibi Kinuyo alikuwa jikoni na sisi wengine, anakata figili.

Sakuzo alifariki mwaka huu tarehe ishirini Agosti, kifua. Nilisaidia kupika kwenye msiba. Nilimwona Bibi Kinuyo akipanda kigoda na kubandika karatasi nyeupe juu ya kirafu cha mungu wa nyumbani, kama tunavyofanya kwenye nyumba yenye kifo, ili mungu asiguswe na unajisi wa msiba. Karatasi hiyo hukaa siku hamsini. Nyumba yenye karatasi haipiti chini ya lango la mawe la hekalu. Hayo hakuna anayeyabishia, na Bibi Kinuyo hakuyabishia.

Ugomvi ulianza mwisho wa Septemba, kwenye kikao cha kamati ya hekalu. Wanakaa katika nyumba ya mikutano, iliyo nje ya lango, kwa hiyo hata mfiwa anaruhusiwa kuingia. Mimi na mama mkwe wangu, Mama Fusae, tulikuwa zamu ya chai. Mume wangu Norihiro yumo kwenye kamati, ndiye mdogo wao, ana miaka thelathini. Mwenyekiti ni Mzee Kuramoto, mtu wa sauti kubwa na fulana safi, aliyekuwa karani mjini akarudi alipostaafu.

Bibi Kinuyo alikuja bila kuitwa. Alikaa karibu na mlango, akainama, akasema, "Nimekuja kwa habari ya kamba. Majani nimeyakata mapema Agosti, yangali mabichi kabla ya kutoa mashuke, nimeyakausha kivulini. Mazuri mwaka huu, marefu. Karatasi yangu inatoka tarehe nane. Nitasokota tarehe tisa, mtatundika kumi. Sikukuu ni kumi na mbili. Muda upo."

Mzee Kuramoto akaweka kikombe chini. "Bibi, pole tena kwa msiba."

"Nimeshapoa. Kamba."

"Desturi ya hapa, nyumba yenye kifo hukaa mwaka mzima bila kugusa vitu vya mungu."

"Siku hamsini."

"Hizo ni za kuhani. Sisi wa kijiji ni mwaka."

"Toka lini?"

"Toka zamani."

Bibi Kinuyo alimtazama. Ni mwanamke mdogo wa umbo, macho yake yamezama, lakini akikutazama unajua umetazamwa. "Mama yako alifariki Septemba," akasema. "Nilimwosha mimi mwenyewe na marehemu dada yako. Oktoba wewe ulishika mti wa mbele wa machela ya kumbebea mungu siku ya sikukuu, ukiongoza shangwe. Siku ya thelathini na nne. Nilihesabu."

"Mwaka ule tulikuwa na uhaba wa watu."

"Na sasa mmejaa?"

Mama Fusae alicheka kwa pua, akajifanya anapiga chafya. Walikuwa wanaume saba chumbani, na wanne kati yao hawawezi kupanda ngazi za hekalu bila kupumzika mara mbili.

Hapo ndipo Mzee Kuramoto aliposema neno ambalo mimi sitamsamehe. Hakulisema kwa ukali. Alilisema kwa upole, kama mtu anayemfuta mtoto makamasi. "Hata tukiacha habari ya matanga, Bibi, msokotaji wetu hatunaye tena. Sakuzo ndiye aliyeijua kazi ile. Ameondoka nayo. Sasa ni juu yetu wanaume kujifunza upya."

Bibi Kinuyo aligeuza kichwa polepole, akamtazama mmoja mmoja, kuanzia upande wa dirisha. Alikuwa anangoja. Mtu mmoja tu angesema, "Lakini Mwenyekiti, sote tunajua." Neno moja. Wale wanaume saba wakaangalia vikombe vyao kana kwamba kuna samaki ndani. Mume wangu naye akaangalia kikombe chake.

Na mimi nilikuwa nimesimama na birika mkononi, nikanyamaza pia. Sitaki kulificha hilo.

Akainuka, akainama kwa heshima, heshima ile iliyonyooka mno mpaka inachoma. "Basi jifunzeni," akasema, akavaa viatu vyake.

Tulipofika nyumbani nilimkalia Norihiro kooni. "Umeumwa ulimi?"

"Ungetaka niseme nini? Mimi mdogo pale."

"Una ndevu."

"Wewe hujui mambo ya kamati."

"Najua mambo ya kamba. Kila Oktoba nasikia nyundo ikitwanga majani ghalani, na Mzee Sakuzo namwona kwenye kibaraza anakula matunda ya persimoni!"

Mama Fusae, aliyekuwa anambadilisha Kotoha nguo, akasema bila kuinua kichwa, "Mwache. Baba yake alikuwa hivyo hivyo. Mdomo wao hufunguka kwa wali tu." Norihiro akatoka nje kuangalia trekta ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Jumapili ya tarehe tano wanaume walikusanyika nyumba ya mikutano kusokota kamba. Majani walinunua bondeni, ya kawaida, ya njano, yaliyokatwa baada ya mavuno na kuvunjwavunjwa na mashine. Ya Bibi Kinuyo, marefu na ya kijani, yalikuwa yananing'inia ghalani hatua hamsini kutoka pale, na harufu yake nzuri ilifika mpaka barabarani. Hakuna aliyekwenda kuyaomba. Mzee Kuramoto alileta simu yenye video ya mtu wa mkoa mwingine anayesokota kamba ya hekalu, akaisimamisha kwenye chupa ya mchuzi wa soya.

Nilikuwa nawapelekea chai kila baada ya saa moja, na Kotoha mgongoni, basi niliyaona. Yule wa kwenye video alikuwa amewaelekea. Mkono wake ukienda upande huu wa skrini, nao wakapeleka yao upande huo huo, kama mtu anayejitazama kwenye kioo. Waliweka misokoto mitatu, wakasimama watatu watatu, wakapokezana kwa kelele za "Haya! Vuta! Haya!" Walitoka jasho kweli. Kufika alasiri walikuwa na kamba. Ilikuwa na tumbo katikati kama chatu aliyemeza mbuzi, lakini kamba. Wakaipiga picha. Wakaibeba juu siku hiyo hiyo, wakaitundika, wakanywa.

Kuhani alikuja Jumatano, tarehe nane. Kuhani wetu ni mwanamke wa makamo aliyerithi kazi kwa baba yake, ana mahekalu ishirini na mawili ya kuhudumia, anazunguka na kigari chake kidogo cheupe, joho likiwa limetundikwa kiti cha nyuma. Siku hiyo alikuja kuondoa unajisi katika nyumba ya Bibi Kinuyo, maana siku hamsini zilikuwa zimetimia. Nilikuwepo. Alitikisa fimbo yake ya karatasi nyeupe, akaomba, Bibi Kinuyo akapanda kigoda na kubandua karatasi.

Wakati wa chai Bibi Kinuyo akamwuliza, "Mtukufu, mimi sasa ni safi au si safi?"

"Kwa hesabu yangu ni safi kabisa, Bibi."

"Na kwa hesabu ya Kuramoto?"

Kuhani akashusha pumzi. "Desturi za kijiji ni za kijiji. Nina mahekalu ishirini na mawili, Bibi, na yote yana kamati. Nikigombana na kila moja nitazikwa mapema."

"Wewe mwenyewe mwanamke."

"Ndiyo maana," kuhani akasema, akainua kikombe na kukiweka tena bila kunywa. "Mimi wananivumilia. Sijui kama unanielewa."

"Nakuelewa sana," Bibi Kinuyo akasema. "Mimi nimevumiliwa miaka thelathini na moja."

Kuhani alipoondoka, Bibi Kinuyo akaniambia, "Mama Kotoha, nisindikize. Nataka nikamsalimu mungu. Siku hamsini sijamwona." Tukapita chini ya lango la mawe, tukapanda zile ngazi themanini na sita polepole. Alizungumza na Kotoha njia nzima, akamwonyesha mizizi ya misunobari na kuvu. Tukafika juu. Akanawa mikono kwenye jiwe la maji, akageuka kuuelekea mlango, akainua macho.

"Kulia," akasema.

Nikatazama. Sikuwa nimeliona mpaka alipolisema, na baada ya hapo sikuona kingine. Mikunjo yote ilikuwa inalalia upande usio wake. Kamba ya gunia, nene kama paja, juu ya mlango wa mungu.

"Wamemfunga kama viazi," akasema. Sauti yake ilikuwa inatetemeka. Nilidhani analia, nikamshika mkono, lakini mkono ulikuwa mkavu na mgumu kama mpini wa jembe, na nikajua hakuwa analia. "Siku tatu imekaa hapa. Siku tatu! Wamepanda, wameshuka, wamepiga makofi mbele yake na kuinama, na hakuna hata mmoja mwenye macho. Mimi mnajisi, sawa. Mimi mwanamke, sawa. Lakini wao ni nini?"

Hakuomba siku hiyo. Alisema ana aibu.

Kesho yake asubuhi nikasikia ghala la Bibi Kinuyo likilia. Milango ile ni mizito, ya mbao, na kila Oktoba nilizoea kuisikia ikifungwa. Safari hii ilikuwa inafunguliwa. Yote miwili, mpaka mwisho. Kisha nikamwona akiburuta mkeka mkubwa kwenda uani, pale ua unapopakana na barabara, mahali ambapo hata anayepita kwa trekta anaona. Akaketi. Akanyunyiza maji kwenye majani, akashika nyundo ya mbao, akaanza kuyatwanga.

Mama Fusae alikuwa dirishani kando yangu. Alitazama mpaka chai yake ikapoa. Kisha akafungua droo, akatoa glavu zake za shambani.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Kamba ile inataka watu watatu," akasema. "Mimi wa pili. Wewe kama unaogopa mwenyekiti, baki na mtoto."

Nilimfunga Kotoha mgongoni nikatoka.

Tulifanya kazi siku nzima. Bibi Kinuyo alitupigia kelele kama sajini. "Kushoto! Mama Kotoha, kushoto kwako, si kwangu! Huna kushoto wewe? Fusae, unakanda mkate au unasokota?" Mama Fusae akajibu, "Nyamaza, kikongwe, nilikujua ukiwa na meno." Mikono yangu ilichubuka. Watu walipita. Wengine walisimama mbali wakatazama, wengine walikohoa kwa mazoea, ingawa safari hii hapakuwa na mlango wa kukohoa mbele yake. Mjane mmoja wa nyumba ya juu alileta persimoni, akaziweka kwenye mkeka, akaondoka haraka kama aliyeziiba.

Adhuhuri alipita Mzee Kuramoto kwa gari. Akashusha kioo.

"Bibi! Funga mlango basi! Watu wanaona!"

Bibi Kinuyo hakuinua kichwa. "Ndiyo," akasema.

"Kamba tunayo tayari. Hiyo haitatundikwa!"

"Sijakuomba uitundike. Nasokota majani yangu katika ua wangu. Endesha gari, unatuvutisha moshi."

Akapandisha kioo, akaenda. Jioni kamba ilikuwa imekamilika. Ilikuwa ya kijani, imejaa sawasawa kutoka shina mpaka ncha, imekaza hata kidole hakipiti. Sijawahi kuona kitu kizuri hivyo kilichotengenezwa kwa majani. Tuliifunika kwa shuka. Siku nzima iliyofuata ililala pale uani, na Norihiro alipomaliza chakula cha jioni akauliza, "Ile yetu ina kasoro gani?"

"Panda ukaangalie," nikamwambia.

Alipanda. Aliporudi alikuwa mwekundu mpaka masikioni.

Jumamosi, siku moja kabla ya sikukuu, watu wa bondeni walileta ngoma kubwa kama kila mwaka, maana tunaisherehekea pamoja. Walipanda nayo mpaka hekaluni. Sikuwepo, lakini Norihiro aliniambia yote, maana alikuwa ameshika upande mmoja wa ngoma. Mzee mmoja wa bondeni aliitua ngoma, akatazama juu, akaita wenzake. Wakatazama wote.

"Jamani," akasema, "nyinyi huku juu mmemfungia nani ng'ombe?"

Wakacheka. Walicheka mpaka mmoja akakaa kwenye ngazi. Mzee Kuramoto akaanza kueleza habari za video, na kadiri alivyoeleza ndivyo walivyozidi kucheka. Yule mzee akafuta machozi, akauliza, "Kwani binti wa msokotaji wetu amekufa? Kinuyo? Si yupo huku? Au mmekosa hata miguu ya kwenda kumgongea?"

Bondeni, kumbe, walijua pia. Ila wao walikuwa na mdomo.

Alasiri kamati nzima ikashuka kwa Bibi Kinuyo. Watu wa bondeni wakawafuata kwa nyuma, na watu wa kwetu wakatoka majumbani. Mimi nilikuwa uani tayari, ninamsaidia kufunga vipande vya karatasi nyeupe kwenye kamba. Bibi Kinuyo alipowaona wakija barabarani alinyoosha nguo yake, akatembea mpaka katikati ya kamba, na akaikalia.

Watu waliguna. Mzee Kuramoto akasimama kama aliyegonga ukuta. "Bibi! Umekalia kamba ya mungu!"

"Bado haijaombewa. Sasa hivi ni majani ya mpunga, na mimi nimechoka. Karibuni."

"Tumekuja… kamati imeona kwamba… kwa heshima ya marehemu Sakuzo, tuichukue kamba hii."

"Ya nani?"

"Kamba hii."

"Ni kamba ya nani?"

"Ya nyumba ya Sakuzo," Mzee Kuramoto akasema. "Tutaandika hivyo kwenye kibao. Nyumba ya Sakuzo. Ni heshima kubwa, Bibi."

"Nyumba haina mikono." Akajiweka sawa, akakaa zaidi. "Nitakueleza, Kuramoto, maana inaelekea ulikuwa mjini mno. Mwaka wa kwanza nilisokota na mtoto tumboni. Yule niliyempoteza. Mwaka wa tisa nilikuwa na homa. Mwaka ule wa mafuriko nilikausha majani kwenye chumba changu cha kulala, nikalala jikoni. Nimesokota kamba waliyotambulishwa chini yake watoto wenu wote. Huyu hapa mgongoni, na baba yake huyo anayeangalia viatu. Mlijua. Wewe ulijua. Mlikunywa pombe yenu mkamsifu mtu mwenye vidole vitatu mbele ya uso wangu, na mimi nikiwakatia figili. Sasa taja jina. La si hivyo, ile ya ng'ombe mnayo."

Shingo ya Mzee Kuramoto ilivimba. Alitazama watu, akatafuta mmoja wa kumsaidia, na safari hii ni yeye aliyekuwa anangoja na wengine walioangalia viatu.

Ndipo Norihiro, mume wangu, akasema. Sauti yake ilitoka nyembamba. "Ni kamba ya Bibi Kinuyo, Mwenyekiti. Sote tunajua."

"Wewe sikukuuliza," Bibi Kinuyo akamwambia. "Ahsante, lakini umechelewa. Nataka yeye."

"Kamba ya Kinuyo," Mzee Kuramoto akasema, kama mtu anayetema kokwa.

"Sijasikia. Masikio ya kizee."

"Kamba ya Kinuyo!" akapiga kelele, mpaka Kotoha akaanza kulia. "Kinuyo ndiye msokotaji! Umeridhika?"

"La," Bibi Kinuyo akasema. Akainuka, akajipangusa majani. "Ichukueni. Shina liwe upande wa kulia mkiutazama mlango. Norihiro, wewe unaweza kuandika. Simama hapa uandike kibao nikiona."

Norihiro akaandika, kwa wino, akiwa amepiga magoti kwenye mkeka. Msokota kamba, Kinuyo. Wanaume wakaibeba. Ilipopita mbele yangu niliona jinsi mikunjo yote ilivyolalia kushoto, na wale wa bondeni wakatoa sauti ya chini, ile ya mtu anayeonja kitu akakuta kimepikwa.

Nilidhani atapanda kuiona ikitundikwa. Mimi na Mama Fusae tulimngoja njiani, hakuja. Baada ya muda nikachukua bakuli la wali wa maharage mekundu tuliopikia sikukuu, nikampelekea. Milango ya ghala ilikuwa wazi bado. Nikaita, hakuitika, nikaingia mpaka kwenye chumba cha ndani, kule kwenye madhabahu ya marehemu.

Alikuwa amepiga magoti mbele ya picha ya Sakuzo. Uvumba ulikuwa haujawashwa. Mkononi alikuwa na nyundo ya mbao, nadhani alisahau kuiweka. Hakunisikia, au alinisikia na hakujali.

"Kuramoto amesema," alikuwa anamwambia. "Umesikia? Kuramoto! Mbele ya watu wa bondeni. Yule mjinga, mwenye moyo kama sumni, ameweza. Imemchukua siku kumi na mbili." Akavuta pumzi. "Wewe ulipewa miaka thelathini na moja ya kulisema, Sakuzo. Ulikuwa na mimi mezani asubuhi na jioni. Si lazima mbele ya watu. Ungeniambia hata jikoni. Ungeniambia hata kitandani, taa imezimwa, Kinuyo, kamba yako. Ningekufia."

Picha ilikuwa inacheka, ile picha ya karamuni, uso umewiva kwa pombe.

"Hata mara moja," akasema. "Mwanaume wewe. Hata mara moja."

Niliweka bakuli kwenye kizingiti, taratibu lisigonge, nikatoka na mwanangu.